Kabla ya Nyama Kugawiwa: Mfuko wa Elimu katika Mkutano wa Ukoo

 

Nimeombwa nizungumzie mifuko ya elimu ya koo zetu hapa Kilimanjaro: kwa nini mingi huanza kwa vigelegele ikazimika baada ya Desemba mbili tatu, na kwa nini michache hudumu mpaka waliosomeshwa nayo wakaleta watoto wao. Nitaanza na harusi.

Hakuna asiyewahi kupokea kadi ya mchango. Kamati ikikaa leo, katika miezi mitatu mamilioni yanapatikana, ukumbi unalipiwa, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, inaletwa mbele ya wageni imesimama kwa miguu yake minne. Kijana wa ukoo huohuo akipangiwa shule ya bweni Tabora au Songea, mama yake anapita nyumba kwa nyumba akiulizia godoro. Watu husema tunapenda sherehe kuliko shule. Mimi sikubali. Wazazi wa mlima huu waliuza kahawa, wakauza ndizi, wengine wakauza ng'ombe wa maziwa aliyekuwa akilisha nyumba, ili mtoto asirudishwe kwa kukosa ada. Ila harusi ina tarehe. Ina kamati. Ina mweka hazina anayepiga simu saa mbili usiku bila haya na kukukumbusha ahadi yako. Tena ina kiti: ukichanga, unajua utakaa wapi na utakula nini. Anayechangia ada hana kiti popote. Anatuma pesa kwa simu, anajibiwa "ubarikiwe sana", basi.

Mkutano wa ukoo wa mwisho wa mwaka ndio peke yake unaoweza kuipa elimu tarehe, kamati na kiti. Kwa hiyo hoja yangu ni moja: mfuko wa elimu huishi kwa nguvu ya mkutano, na mkutano ukilegea hakuna katiba wala benki itakayouokoa. Nitawaonyesha mahali unapolegea.

Kwanza tukumbuke tulikotoka, maana vijana wengine wanadhani michango ya elimu ilianza na makundi ya simu. Wakulima wa Kiafrika wa kahawa waliunda chama chao hapa mwaka 1925, kile cha kina Joseph Merinyo, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Kahawa ndiyo iliyolipa ada kwa vizazi viwili. Mzee alikuwa na kihamba, yaani shamba la urithi, kihamba kina migomba, chini ya migomba kuna mibuni, na msimu wa kahawa ulijua wenyewe mtoto yupi yuko darasa gani. Kisha Julai 1989 mfumo wa mgao wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ukavunjika, na bei katika soko la dunia ikaporomoka. Hapohapo nchi ilikuwa imeingia katika zama za kuchangia gharama, ada zikarudi. Koo nyingi za hapa zilianza kuchangishana kwa utaratibu katika miaka hiyo, kwa sababu mibuni haikuweza tena na kihamba kilikuwa kimeshakatwa vipande mpaka hakikatiki. Baba mwenye wana watano na ekari moja alijua kwamba wanne kati yao watarithi shule.

Katiba za mifuko hii ziliandikwa wakati huo, na wakati huo tatizo lilikuwa ada. Ndiyo maana nyingi zinasema mpaka leo: "Mfuko utalipa ada ya sekondari." Nenda kaisome ya kwenu. Sasa, tangu Januari 2016 sekondari za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne. Ile ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ya bweni 70,000. Mwaka wa masomo 2022/23 kidato cha tano na cha sita navyo vikaondolewa ada. Kwa hiyo tuna mifuko inayongoja bili ambayo haiji, huku mtoto akikosa kuripoti shule kwa sababu ya vitu ambavyo katiba haivitaji.

Vitu gani? Chukueni fomu ya kujiunga na kidato cha tano ya shule yoyote ya bweni mwisome taratibu. Godoro la futi mbili na nusu. Shuka jozi mbili, za rangi waliyoitaja wao. Chandarua. Tranka na kufuli. Ndoo mbili. Fyekeo au jembe. Rimu ya karatasi. Sare za darasani, za michezo na za kushindia, viatu vyeusi vya kamba. Halafu nauli ya kutoka Moshi hadi Songea, na mzazi anayetaka kumsindikiza. Jumlisheni. Mama anayeuza ndizi Mwika sokoni hawezi kuzipata pesa hizo katika wiki chache kati ya majina kutoka na shule kufunguliwa. Hapo ndipo mfuko wa ukoo unapotakiwa kuwa na pesa mkononi, si Desemba. Mkutano ni wa Desemba lakini uamuzi lazima uwe umeshaachwa kwa kamati: mtoto yeyote wa ukoo akipangiwa bweni, katibu anatoa kiasi kilichokubaliwa bila kungoja kikao. Ukoo unaotaka kukaa kila mara ili uamue kununua ndoo utakuta mtoto wa watu amekwisha kuanza kuendesha bodaboda.

Chuo kikuu nako kuna jambo lake. Bodi ya Mikopo ilianza kazi Julai 2005, na kwa wengi ndiyo mkombozi. Lakini mwulizeni mwanafunzi yeyote habari ya bumu, yaani pesa za mkopo za kujikimu, linapochelewa. Mwenye mkopo wa asilimia mia na asiye na mkopo kabisa, wiki ya kwanza chuoni wote wawili wanahitaji mahali pa kulala. Shilingi laki mbili za wiki ile zina uzito kuliko milioni moja ya Aprili.

Nani apewe? Hapa ndipo ndugu wanapoanza kutazamana. Mazoea yetu ni kumzawadia aliyefaulu sana. Anaitwa mbele, anapigiwa makofi, anapewa bahasha, picha inapigwa pamoja na babu. Sina ugomvi na makofi. Lakini nchi yenyewe inamkimbilia mtoto huyo. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022/23, unawachukua waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita. Aliyepata daraja la tatu, au la nne, huyo hana anayemkimbilia isipokuwa sisi. Kuna VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na fundi umeme wa magari aliyetoka huko hapa mjini hakosi kazi. Ila katika mikutano yetu mtoto wa VETA hutajwa kwa sauti ya chini, kama anayetangaziwa msiba. Ningekuwa na uwezo, ningeagiza kila mfuko utenge nusu ya pesa kwa wasioitwa mbele. Tena naongeza: wasiitwe mbele kuomba. Mtoto wa miaka kumi na sita asisimamishwe mbele ya wajomba na baba wadogo ishirini aeleze umaskini wa mama yake ili apate tranka.

Sasa niingie kwenye lile linalovunja koo hasa. Watoto wa mabinti.

Kwa desturi yetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Binti akiolewa Rombo, watoto wake ni wa Rombo. Hilo halina ubishi katika mambo ya kihamba. Ila mabinti wanachangia. Katika ukoo ninaoufahamu vizuri, maana ni wangu, shangazi mmoja alikuwa akituma mchango kila mwezi tangu tulipoanza, hakuruka hata mmoja, mwalimu wa shule ya msingi mwenye mshahara wa mwalimu. Mwanawe wa mwisho alipofika kidato cha tano akaandika barua ya kuomba. Barua ikasomwa. Mzee mmoja akasema, kwa upole kabisa, kwamba kijana ana ukoo wake. Shangazi hakugomba. Akasimama, akaomba daftari la michango, akalipitisha mkono kwa mkono ili kila mtu aone jina lake limeandikwa mara ngapi, kisha akauliza: "Nilipokuwa natoa nilikuwa wa ukoo gani?"

Mkutano ule haukumaliza ajenda. Mwaka uliofuata katiba ikabadilishwa: ananufaika mtoto yeyote ambaye mzazi wake mmoja, baba au mama, amezaliwa katika ukoo na amechangia miaka miwili mfululizo. Wapo walioona tumeuza mila. Mimi naona tuliweka mambo mahali pake: kihamba kina sheria zake za zamani na daftari lina zake. Tena hesabu yenyewe inawatetea shangazi. Ukoo unaotegemea wana wa kiume peke yao unatupa nusu ya mishahara yake. Na katika koo nyingi ninazozijua wanaolipa kwa wakati ni wanawake. Wanaume tunatoa ahadi nzuri sana.

Msiniulize kuhusu wajukuu wa mabinti. Hilo hatujalimaliza hata sisi.

Jambo jingine linaloua mifuko ni kifo, nami nasema kifo halisi. Pesa za ukoo zinawekwa katika akaunti ya mzee mmoja mwaminifu, kwa jina lake, kwa sababu ndiye aliyekuwa na akaunti. Anazitunza kwa uaminifu miaka yote. Siku Mungu anapomwita, benki haijui ukoo. Inajua marehemu. Pesa zinaingia katika mirathi, anatafutwa msimamizi, shauri linafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na wakati huohuo wajane na watoto wa mzee wanaziona pesa hizo na kuamini, bila nia mbaya, kwamba baba yao alikuwa na akiba. Nani ana ujasiri wa kwenda matangani kudai? Mfuko unakufa pamoja na mtunzaji wake, na ukoo unagawanyika juu ya kaburi.

Dawa yake haina maajabu. Akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu wasiotoka nyumba moja. Benki itataka katiba, muhtasari wa kikao na barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa. Wenye mfuko mkubwa, au wenye nia ya kununua kiwanja au hisa, wasajili bodi ya wadhamini kwa RITA, wakala wa serikali wa udhamini, ili mali iwe ya chombo kisichokufa na isiwe ya mtu. Wenye mfuko mdogo, hata M-Koba, huduma ya simu ya kuweka akiba kwa vikundi, inatosha kuanzia, kwa sababu pesa haitoki bila wasimamizi kuidhinisha na wanachama wanapata taarifa kwenye simu. Ninachoogopa ni kitu kimoja tu, ile kauli: "Huyu ni mtu wa kanisani, hahitaji wa kutia saini pamoja naye."

Kuhusu pesa zenyewe, tufanye hesabu ndogo. Tuseme ukoo una kaya arobaini na kila kaya inatoa shilingi 5,000 kwa mwezi, ambayo kwa wengi wetu hapa haifiki bei ya kilo moja ya nyama. Hiyo ni 200,000 kwa mwezi, milioni 2.4 kwa mwaka. Mkizitumia zote, mnawafungia safari vijana wanne kwa laki sita kila mmoja, na mwakani mnaanza sifuri. Mkitumia theluthi mbili na theluthi moja mkaifungia, yaani 800,000 kila mwaka, mahali panapozaa asilimia 8, iwe mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ile ya UTT au hatifungani za serikali, baada ya miaka kumi mtakuwa na karibu milioni 11.6. Faida yake ya mwaka unaofuata inapita laki tisa. Yaani kijana mmoja kila mwaka anakwenda shule kwa pesa ambazo hakuna aliyezichanga mwaka huo. Bei za vitu zitapanda, ndiyo, na laki tisa za wakati huo hazitanunua kinachonunuliwa leo. Hata hivyo mtakuwa na mahali pa kusimama mwaka ambao hali ni ngumu, wenye kazi wamepunguzwa na kahawa imeingia ugonjwa.

Na ahadi kubwa? Kila mkutano una ndugu mmoja mwenye gari kubwa anayesimama akisema, "Mimi natoa milioni tano." Watu wanapiga makofi, na mwenye elfu tano anaona mchango wake ni aibu, anaacha kuleta. Milioni tano zikija, zinakuja mara moja. Zisipokuja hakuna wa kumdai. Kwa maoni yangu ahadi za namna hiyo zisitangazwe mkutanoni kabisa. Atume, katibu aandike, na zisomwe mwakani katika orodha moja na za wengine, kwa alfabeti.

Wapo wanaopendekeza tugeuze msaada uwe mkopo: kijana akipata kazi arudishe. Inavutia. Lakini tumeona. Makato ya Bodi ya Mikopo kwa mwenye mshahara yalipandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8 hadi 15, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliwakuza watu madeni mpaka ilipofutwa mwaka 2021. Serikali ina mwajiri wa kuwakata. Ukoo una nini? Kijana mwenye deni la ukoo na asiye na kazi haji tena Desemba. Atasema mabasi yamejaa. Mmempoteza yeye, pesa, na baadaye watoto wake. Afadhali apewe kama sadaka na aingizwe kwenye daftari la wachangiaji siku anayopata mshahara wa kwanza, kwa elfu tano ileile ya kila kaya. Wa kumkumbusha asiwe mzee. Awe kijana mwenzake aliyesomeshwa mwaka mmoja kabla yake.

Haya si ya mlima huu peke yake. Kule Marekani koo za Wamarekani weusi hukutana Julai au Agosti, mara nyingi katika miji ya kusini ambako babu zao walitoka kwenda Chicago, Detroit na kwingineko kutafuta kazi. Mikutano hiyo ni ya zamani, lakini ilipata nguvu mpya baada ya kitabu cha Alex Haley, Roots, cha mwaka 1976, na filamu yake ya televisheni ya Januari 1977, watu walipoanza kuulizana kwa bidii nani ni mtoto wa nani. Wanavaa fulana za rangi moja, wanakula pamoja Jumamosi jioni, wanasali Jumapili, na katikati ya hayo familia nyingi zinatangaza vijana watakaosaidiwa chuo. Wamegundua kikwazo ambacho nasi tutakutana nacho tukikua: sheria ya kodi ya kule haihesabu mfuko wa ndugu peke yao kuwa ni wa hisani, kwa hiyo anayeuchangia hapati nafuu ya kodi. Baadhi wamefungua mlango kwa watoto wasio wa familia. Nilivutiwa zaidi na kitu kidogo: kwa baadhi yao chakula cha Jumamosi na taarifa ya mfuko vimewekwa katika saa ileile. Huwezi kula bila kusikia.

Kwetu ratiba ni kinyume. Mkutano unaitwa saa nne, unaanza saa saba. Ibada, utambulisho, maana kuna wakwe wapya, salamu za wazee, historia ya ukoo ambayo kila msimulizi anaianzia kwa babu mwingine. Mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Nyama inagawiwa, na hapo hakuna anayekosea, kila mtu anajua kipande chake na kipande cha nani kinatangulia. Saa kumi na mbili, giza likikaribia na wenye magari wakitafuta funguo, mwenyekiti anasema: "Sasa tumsikie mweka hazina, kwa kifupi."

Mkutano unalegea hapo. Sijaona ukoo uliosoma hesabu gizani kwa miaka mitano mfululizo ukabaki na mfuko. Hesabu isomwe kabla ya nyama kugawiwa, mchana, wakati wazee hawajachoka na vijana hawajaondoka. Isomwe jina kwa jina: aliyetoa, kiasi alichotoa, na asiyetoa apite kimya bila kutajwa deni lake. Zisomwe risiti za shule. Aliyesaidiwa mwaka uliopita aeleze dakika mbili yuko wapi na anasoma nini, na kama amefeli aseme amefeli, maana mfuko unaosikia habari njema tu utaanza kutungiwa. Ichukue saa nzima. Watoto wadogo watakaa wakisikiliza, wakinusa nyama, na watajua kwamba kuna kitu wakubwa wanakiweka mbele ya chakula.

Limebaki suala moja ambalo katiba nyingi hulikwepa, kwa sababu kuliandika ni kama kujiombea balaa: ukoo ukisambaratika, au ukagombana usikutane tena, pesa ziende wapi? Andikeni. Mkiacha wazi, wa mwisho kushika kitabu cha hundi ndiye atakayeamua. Sisi tuliandika kwamba miaka mitatu ikipita bila mkutano wenye akidi, watia saini watalipa salio lote kwa sekondari ya kata iliyo karibu na kihamba cha babu, kwa ajili ya chakula cha mchana cha wanafunzi, na mkuu wa shule atapewa nakala ya kifungu hicho aiweke ofisini. Tulimpelekea. Kila Januari anamuuliza katibu wetu, kwa utani lakini kwa sauti ya kutosha, kama Desemba tulikutana.